Spika Janja Sebuleni: Mwongozo kwa Nyumba Inayosema Kiswahili

Usiku wa pili tangu mama yangu aje kututembelea ughaibuni, alimwomba mjukuu wake aiambie spika imwamshe saa kumi na moja, awahi sala ya alfajiri. Mjukuu amezaliwa huku, na saa anazihesabu kwa Kiingereza. Akasikia kumi na moja, akasema "eleven". Saa tano ya usiku, nyumba ndiyo kwanza imetulia, spika ikalia. Mama akaamka, akatawadha, akatandika mswala, ndipo akatazama saa ya simu yake.

Mtoto sikumlaumu, na mashine ilitii ilichoambiwa. Aliyekosea ni mimi mwenye nyumba, niliyeinunua, nikaichomeka, nikaiacha ijipangie maisha yetu bila kumweleza mtu yeyote inasikia nini na haisikii nini. Spika janja ni mgeni asiyejua lugha ya nyumba. Mgeni wa namna hiyo anaweza kuwa na manufaa makubwa, lakini sharti mwenyeji amwonyeshe pa kukaa, kazi ya kufanya na milango asiyopaswa kuifungua. Mwongozo huu ni wa mwenyeji huyo, awe Leicester, Minneapolis, Muscat au Mombasa.

Kinachotokea ukiiita

Amazon ilitangaza Echo Novemba 2014. Google ikaleta Home mwishoni mwa 2016, na Apple ikafuata na HomePod mwanzoni mwa 2018. Umbo na bei vinatofautiana, utendaji wake unafanana. Ndani mna maikrofoni ndogo zinazosikiliza muda wote zikingoja neno moja la kuiamsha: "Alexa", "Hey Google" au "Siri". Neno hilo spika hulitambua yenyewe. Likishasikika, unayosema baada yake hurekodiwa na, kwa sehemu kubwa, husafirishwa kwa intaneti hadi kwenye kompyuta za kampuni. Huko sauti hugeuzwa maandishi, maana hutafutwa, na jibu hurudi kabla hujamaliza kupumua.

Kwa hiyo, intaneti ikikatika spika hushindwa kuitikia amri nyingi. Na neno la kuiamsha ndilo lango lenyewe: kila inapodhani imelisikia, lango hufunguka, hata kama ninyi mlikuwa mnazungumza habari za shemeji. Kama nyumbani kwako kuna Alexander au Alexia, badilisha neno hilo siku ya kwanza. Spika za Amazon zinakubali pia "Echo" na "Computer".

Kiswahili hakimo katika lugha ambazo spika za kampuni hizi tatu zimejengwa kupokelea amri. Kuna Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kihispania, Kijapani na nyinginezo, na tangu 2021 Alexa inasikia Kiarabu cha Ghuba, jambo linalowafaa Waswahili wengi wa Omani na Falme za Kiarabu ambao wamekua na lugha zote mbili. Ukiweka lugha ya spika, basi, chagua ile ambayo mzee wa nyumba anaimudu, kwa kuwa kijana atajifunza yoyote kwa siku moja.

Saa ya Kiswahili na saa ya mashine

Hili ndilo nalitilia mkazo kuliko yote, kwa sababu halimo katika kijitabu chochote kinachokuja na boksi. Sisi tunahesabu saa tangu jua lichomoze, na mashine inahesabu tangu usiku wa manane na tangu adhuhuri. Kanuni ni nyepesi: kuanzia saa moja hadi saa sita, ongeza sita, kuanzia saa saba hadi saa kumi na mbili, toa sita. Saa moja asubuhi ni "seven a.m." Saa kumi na moja alfajiri ni "five a.m." Saa tatu usiku ni "nine p.m." Usiache kamwe kutaja kama ni asubuhi au jioni, maana spika ikiachiwa kubuni hubuni saa iliyo karibu zaidi, na hivyo ndivyo mama yangu alivyoamshwa usiku mbichi.

Kanuni hiyo, hata hivyo, ni ya mtu aliye macho. Mtu mwenye usingizi atakosea tu. Njia salama zaidi ni kuacha kutaja saa na kutaja muda. "Baada ya saa saba" ni saa saba kwa Mswahili na kwa Mwingereza vilevile, mahesabu hayagongani. Mfundishe mzee sentensi moja, "wake me in seven hours", abadilishe namba tu. Na ukishaweka alamu, iulize spika ina alamu zipi. Itazisoma kwa sauti, na hapo kosa litajulikana kabla ya kulala.

Kwetu tuliandika kadi ndogo tukaibandika kwenye friji: kushoto saa ya Kiswahili, kulia maneno ya kuiambia spika. Bibi ndiye anayeitumia kuliko wote, na hajaamka usiku mbichi tena.

Kwa adhana zipo programu ndogo unazoweza kuziongeza kwenye baadhi ya spika, lakini hakikisha zimewekewa mji wako na njia ya kukokotoa ambayo msikiti wenu unaifuata. Kaskazini mwa Ulaya wakati wa kiangazi, tofauti ya njia hizo kwa alfajiri na isha huweza kupita saa nzima. Linganisha na ratiba ya msikiti kwa juma moja kabla ya kuitegemea.

Kazi inazozifanya vizuri

Wanaonunua spika hizi huota nyumba inayojiendesha yenyewe. Baada ya miezi michache, nyumba nyingi hubaki na mambo manne au matano: muziki, redio, kupima muda wa mapishi, alamu na hali ya hewa, labda na taa moja mbili. Usione haya kubaki hapo. Hayo machache yanatosha kuilipa bei yake.

Jikoni ndiko nilikoona faida yake waziwazi. Mikono ina unga wa chapati hadi kwenye viwiko, maharage yako kwenye presha, wali umepaliliwa, na kila kimoja kina dakika zake. Iambie spika ipime kila kimoja na ukipe jina: "set a rice timer for 15 minutes", kisha "beans timer" dakika 40. Ikilia itakwambia ni kipi, na ukiiuliza zimebaki dakika ngapi za wali, itajibu. Tumia majina ya Kiingereza ya vyakula hivi hata kama ulimi unataka kusema maharage, maana ukisema maharage itatafuta neno la Kiingereza linalofanana nalo na hujui litakuwa lipi.

Redio ni baraka kwa anayeishi mbali na kwao. Kupitia huduma kama TuneIn, spika inaweza kufungua stesheni za Kiswahili, idhaa za kimataifa kama BBC Swahili, DW Kiswahili na RFI Kiswahili, na stesheni nyingi za nyumbani zinazorusha matangazo kwa intaneti. Tatizo ni jina. Ukitamka jina la stesheni ya Kiswahili, mashine hulisikia kwa sikio la Kiingereza na kukufungulia wimbo usioujua. Hapa tumia programu ya spika kwenye simu. Mna sehemu ya kutengeneza ratiba maalumu, ambapo unaandika maneno utakayoyasema na kuchagua kitu kitakachotokea. Tafuta stesheni kwa kuiandika, iunganishe na maneno mepesi kama "home news", basi. Kuanzia siku hiyo mtu yeyote nyumbani akisema maneno hayo, taarifa ya habari inaanza.

Na kuna ujanja mmoja ninaoupenda, unaoirudishia nyumba ladha yake. Yapo maneno ya Kiswahili ambayo Kiingereza kimekwisha kuyachukua, na spika inayajua: safari, simba, jambo. Yafanye amri zako. Nyumbani kwetu "safari" huzima taa zote na kusoma hali ya hewa ya siku hiyo. Ndilo neno la mwisho tunalosema mlangoni. "Simba" hupunguza mwanga wa chumba cha watoto na kuanza muziki wa kulalia. Ijaribu kila amri mara kumi kabla ya kuitangaza kwa familia. Ikishindwa mara tatu, tafuta neno jingine.

Kwa taa, nunua kwanza balbu moja tu. Balbu nyingi za aina hii hutumia Wi-Fi ya masafa ya 2.4 GHz pekee, na watu hupoteza jioni nzima wakidhani balbu ni mbovu kumbe simu waliyoshika imeunganishwa kwenye 5 GHz. Kila taa ipe jina fupi la Kiingereza lisilofanana na jingine. "Sofa" na "kitchen" hazigongani. Kisha waambie watu wote nyumbani wasizime swichi ya ukutani, kwa kuwa balbu isiyo na umeme haiwezi kusikia amri ya mtu.

Anayenufaika zaidi, kwa macho yangu, ni mtu asiyeona vizuri, aliyeshikwa na baridi yabisi ya vidole, au asiyejua kusoma. Kwake kuwasha taa bila kupapasa ukuta, au kuuliza ni saa ngapi katikati ya usiku, si anasa. Kama una mzazi wa hivyo, keti naye siku tatu mfululizo, kila siku amri mbili tu. Usimfundishe kumi kwa mpigo. Na kama Kiingereza hakimo kabisa, kuna njia ya kuzunguka: kibodi ya Google kwenye simu za Android imekuwa ikipokea maneno ya Kiswahili yanayotamkwa tangu 2017. Mzee anagusa alama ya maikrofoni, anataja kaswida au taarabu anayoitaka, simu inaitafuta, na spika, ikiwa imeunganishwa kwa Bluetooth, inaipiga. Hapo spika imekuwa kipaza sauti tu, na simu ndiyo msikilizaji. Inatosha.

Isipokusikia

Usiharakishe kuulaumu ulimi wako. Mwaka 2020 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio la mifumo ya kutambua sauti ya Amazon, Apple, Google, IBM na Microsoft. Kwa wastani mifumo hiyo ilikosea maneno 35 katika kila 100 kwa wasemaji Weusi wa Marekani, na 19 kwa wasemaji Weupe. Hao ni watu waliozaliwa na Kiingereza. Mashine hujua sauti ilizolishwa, na sauti za watu wetu imelishwa kidogo.

Yapo unayoweza kufanya. Kwenye mipangilio ya lugha, Alexa ina Kiingereza cha Marekani, Uingereza, Kanada, Australia na India. Jaribu kila kimoja kwa siku moja na amri zilezile tano. Watu wa pwani ninaowajua wamejikuta wanasikika vizuri zaidi mahali wasipotarajia, ndiyo maana nasema jaribu, usikisie. Kisha ifundishe sauti yako kwa zoezi la kusoma sentensi lililomo kwenye programu. Google inaruhusu hadi watu sita kwa spika moja. Sema sentensi fupi, kwa mwendo wako wa kawaida. Ukianza kupiga kelele na kuvuta maneno, unaharibu ule mwendo inaoujua.

Mahali pa kuiweka

Iweke kama sentimita 20 kutoka ukutani, mbali na feni na mbali na televisheni. Televisheni ina sababu yake. Januari 2017 mtangazaji wa kituo kimoja cha San Diego alisimulia habari ya mtoto aliyeagiza nyumba ya mwanasesere kupitia Alexa, na alipoyarudia maneno ya mtoto hewani, spika za watazamaji zikaamka na kujaribu kuagiza nyumba ya mwanasesere nazo.

Usiiweke dirishani. Novemba 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan na wenzao wa Tokyo walionyesha kwamba mwanga wa leza ukielekezwa kwenye maikrofoni huweza kupokelewa kama sauti, na walifanikiwa kuipa spika amri kutoka mita 110. Mwizi wa kawaida hatakuja na leza. Lakini anaweza kupaza sauti kupitia dirisha lililo wazi, na kama umeunganisha kufuli ya mlango na spika isiyodai namba ya siri, umempa ufunguo. Mimi mlango sijauunganisha na sitauunganisha.

Chumba cha kulala cha watu wazima nakushauri ukiache. Sebule je? Sebule ya Mswahili si chumba cha televisheni tu. Hapo ndipo posa inapokelewa, ugomvi wa ndugu unasuluhishwa, mjane anafarijiwa, na mtu anakopa fedha kwa sauti ya chini. Ndiyo maana kwetu spika inakaa jikoni. Ukiiweka sebuleni, jifunze kitufe cha kuzima maikrofoni na kitumie wageni wanapoingia. Kwenye Echo taa hugeuka nyekundu. Spika nyingi za Google zina swichi ubavuni au nyuma, na taa hugeuka rangi ya chungwa. Kwenye HomePod hakuna swichi ya namna hiyo. Unaiambia Siri iache kusikiliza au unaizima kwenye mipangilio. Mgeni mwambie kwamba nyumba ina kifaa kinachosikiliza na kwamba umekizima. Ni adabu ileile ya kumwambia kuna mbwa uani.

Mazungumzo yenu yanakokwenda

Mwaka 2018 mke na mume wa Portland, Oregon, waligundua kwamba mazungumzo yao yamerekodiwa na kutumwa kwa mtu aliyekuwa kwenye orodha yao ya simu. Amazon ilieleza kuwa kifaa kilidhani kimeitwa, kikadhani kimeambiwa kitume ujumbe, kikauliza kwa nani, kikadhani kimejibiwa. Julai 2019 shirika la utangazaji la Ubelgiji, VRT, lilisikiliza rekodi zaidi ya 1,000 za watumiaji wa Google zilizokuwa zikipitiwa na wafanyakazi wa mkataba, na 153 kati ya hizo zilikuwa zimerekodiwa bila mtu kuiita spika. Mwaka huohuo ilijulikana kwamba Amazon na Apple nazo zilikuwa na watu wanaosikiliza sehemu ya rekodi ili kuboresha mifumo yao.

Basi fanya haya, leo, ukiwa na simu mkononi. Fungua programu ya spika, nenda kwenye sehemu ya faragha. Tazama historia ya sauti na usikilize rekodi tano au sita. Ukijisikia ukisema jambo ambalo hukuliambia spika, utaelewa kwa nini nasisitiza. Chagua rekodi zisihifadhiwe, au zifutwe zenyewe baada ya muda mfupi kabisa unaoruhusiwa. Zima ruhusa ya watu kusikiliza rekodi zako kwa ajili ya kuboresha huduma. Fahamu pia kwamba tangu tarehe 28 Machi 2025 Amazon iliiondoa ile njia ya kuzuia sauti isitumwe kwenye kompyuta zake ambayo baadhi ya spika za Echo zilikuwa nayo. Kwa hiyo kama uliiwasha zamani na ukajisahau, kinga hiyo haipo tena.

Kwenye Echo tafuta pia kipengele kinachoitwa Drop In. Humwezesha mtu uliyemruhusu kuingia moja kwa moja kwenye spika yako na kuzungumza bila wewe kupokea. Kwa mzazi mgonjwa aliye chumba cha pili ni msaada mkubwa. Kwa orodha nzima ya marafiki ni mlango uliosahauliwa wazi. Kiruhusu kwa vifaa vya nyumba yako tu, au kizime.

Ununuzi kwa sauti uzime kabisa, au uwekee namba ya siri ya tarakimu nne ambayo watoto hawaijui.

Watoto na lugha yao

Mei 2023 serikali ya Marekani iliishitaki Amazon kwa kuhifadhi sauti za watoto kinyume cha sheria ya nchi hiyo, hata pale wazazi walipoomba zifutwe, na kampuni ikakubali kulipa dola milioni 25. Hilo ni la mahakama. Linaloniuma zaidi halina mahakama.

Mtoto wa ughaibuni anasema Kiingereza shuleni, barabarani na kwenye michezo. Nyumbani ndiko Kiswahili kilikobaki na ulinzi. Ukileta sauti isiyochoka, inayojibu kila swali papo hapo kwa Kiingereza, umefungua tundu katika ukuta huo. Mtoto ambaye jana alimuuliza bibi kwa nini kobe ana magamba, na akapata hadithi ya nusu saa, leo anaiuliza spika na kupata sentensi mbili. Nimeliona hili nyumbani kwangu, na halikuchukua hata mwezi.

Tuliweka kanuni mbili. Ya kwanza, spika ni ya amri, si ya maswali: taa, muda, muziki, hali ya hewa. Swali linalohitaji maelezo linapelekwa kwa mtu, na mtu asipojua, linatafutwa pamoja. Ya pili, anayetaka kuiambia spika jambo kwanza analisema kwa Kiswahili kwa aliye karibu, kisha analitafsiri. Watoto walilalamika siku mbili. Baadaye ikawa mchezo, na mtoto aliyemwamsha bibi yake usiku ndiye sasa anayewakosoa wenzake kwenye saa.

Kanuni ya kwanza ina sababu ya usalama pia. Desemba 2021 huko Marekani, mtoto wa miaka 10 aliiomba Alexa changamoto ya kufanya, ikamwambia achomeke plagi ya chaja nusu na kugusisha sarafu kwenye vyuma vilivyobaki nje. Ilikuwa imeokota jambo hilo mtandaoni. Mama yake alikuwa karibu, na Amazon ikalirekebisha. Dawa, homa, umeme na sumu visiulizwe spika.

Ukiipeleka nyumbani

Wengi hununua spika kama zawadi ya kupeleka Dar es Salaam, Nairobi au Bujumbura. Kabla ya kuifunga kwenye sanduku, soma maandishi madogo kwenye adapta yake. Ikiandikwa 100–240V, itahimili umeme wa volti 230 hadi 240 wa Kenya na Tanzania, na huenda ukahitaji plagi ya kubadilishia tu. Ikiandikwa 120V peke yake, iache au ununue adapta nyingine, la sivyo itaungua siku ya kwanza. Spika nyingi za mezani hazina betri, kwa hiyo umeme ukikatika nazo zinazimika. Ruta ya intaneti nayo inahitaji umeme wake.

Hesabu bando. Muziki wa kilobiti 160 kwa sekunde hula takriban MB 72 kwa saa. Saa nane za redio na muziki kwa siku ni zaidi ya nusu GB. Kwa nyumba yenye intaneti ya kulipia kwa mwezi hilo si neno. Kwa nyumba inayojiunga bando la siku kwa simu, umempelekea mama yako gharama. Mweleze mapema, au, kama spika inaruhusu, mfundishe kuitumia kwa Bluetooth na nyimbo zilizomo kwenye simu.

Kama uliitumia wewe kwanza, iondoe kwenye akaunti yako na uifute kabisa kabla ya kuitoa, ili shangazi asiagize vitu kwa kadi yako au kusomewa kalenda yako. Na ukifika, ibadilishie mji na majira ya saa. Ikibaki inaamini iko London, alamu zote zitachelewa kwa saa moja hadi tatu.

Kuifundisha Kiswahili

Kama una fundi wa kompyuta katika familia, ipo njia nyingine inayostahili jasho lake. Home Assistant ni programu huria inayoendesha vifaa vya nyumba kwenye kompyuta yako mwenyewe, na Desemba 2024 waanzilishi wake walitoa kifaa cha sauti cha dola 59 kinachoweza kufanya kazi bila kutuma maneno yako nje ya nyumba. Inaweza kutumia Whisper, mfumo wa kutambua sauti uliotolewa na OpenAI Septemba 2022, ambao Kiswahili kimo. Kwa upande wa kujibu kuna Piper, yenye sauti ya Kiswahili cha Kongo. Itakosea mara nyingi, na itahitaji wikiendi kadhaa za kuirekebisha. Lakini siku unaposema "washa taa ya jikoni" na taa ikawaka, watoto wakitazama, utajua kwa nini ulihangaika.

Asiye fundi naye ana kazi. Mifumo hii hujifunza kwa sauti za watu, na Mozilla, kupitia mradi wake wa Common Voice, inakusanya sauti za Kiswahili zinazotolewa kwa hiari ili yeyote ajenge nazo. Mwaka 2021 mradi huo ulipata dola milioni 3.4 mahsusi kwa ajili ya Kiswahili. Unafungua tovuti yao kwenye simu, unachagua Kiswahili, unasoma sentensi tano zinazotokea, unasikiliza sentensi za wengine na kusema kama zimesomwa sawa. Kaa chumba kisicho na kelele, soma kama unavyosema kwenu, Kimvita, Kiunguja au Kiswahili cha Lubumbashi, usijilazimishe lafudhi ya redio. Sauti za wazee zinahitajika kuliko za vijana, kwa kuwa wazee ndio spika zinaowakosea zaidi.

Mama alisoma sentensi ishirini na tano jioni moja, miwani puani, simu akiishika mbali na uso. Sentensi moja hakuipenda ilivyoandikwa. Akaisoma kama ilivyo, kisha akageuka na kumweleza mjukuu wake namna ambayo ingepaswa kusemwa.